Joto la Mzee Ngwali

Nchi yenyewe sitaitaja. Siogopi, ni utii tu, na isitoshe nchi zote zinazofanana nayo zimeshakana. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina wimbo mrefu wa taifa, na ina mawaziri wengi kuliko barabara. Kitu pekee kilichopungua kwa miaka mingi kilikuwa umeme, na hata huo haukupungua kila mahali, maana siku za sikukuu Ikulu iliwaka mpaka popo wakashindwa kujua saa ya kutoka.

Ndipo Waziri wa Nishati alipofanya ugunduzi wake. Siku moja alikalia kiti ambacho karani wake alikuwa ametoka kukalia, akakuta kina moto. Akakurupuka. "Waheshimiwa," alisema Bungeni kesho yake huku akitweta, "karani ameacha joto la taifa kwenye kiti, akaenda zake kunywa chai! Wananchi wetu wana moto miilini, moto wa bure, na unapotea hewani kila siku! Tumekaa juu ya utajiri, waheshimiwa! Tumeukalia!" Wabunge wakapiga meza, wengi wao bila kujua wanapiga kwa sababu gani, na Waziri akabadilishiwa cheo palepale, akawa Waziri wa Joto na Mapigo.

Haukupita muda, bangili zikaja. Kila raia alifungwa moja mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Zilikuwa nyembamba, zina kitaa kimoja na kipaza sauti kidogo, na hazikuhitaji betri, kwa sababu zilikula joto la ngozi na mtikisiko wa mkono. Kazi ya bangili ilikuwa kumwambia raia saa, kumsalimia asubuhi kwa niaba ya Serikali, na kuiambia Serikali kwamba raia bado yupo. Kitaa kikiwa cha kijani, raia yu hai na analijenga taifa. Kikiwa cha njano, raia analegea. Kikizimika, raia amekufa, na hapo tu ndipo kibali cha kuzika kinapotolewa. Kabla ya hapo watu walikuwa wakifa ovyo, kila mmoja kwa wakati wake, bila utaratibu wowote.

Bangili ilifungwa kwa kufuli, na kuivunja kulikuwa uhaini. Wabunge, ambao kwa asili ya kazi yao hawatikisiki sana, waliruhusiwa kuajiri watikisaji wa mikono. Nimeambiwa kazi hiyo inagombewa.

Sasa, katika mtaa mmoja uitwao Chumvini aliishi Bi Somoe na mumewe, Mzee Ngwali, msuka vitanda vya kamba. Mzee Ngwali alikuwa mtu mpole, mcheshi kwa wanaomjua, na alikuwa na kasoro moja ambayo sheria haikuifikiria. Mikono yake ilikuwa ya baridi, tangu ujana wake. Siku ya harusi Bi Somoe alipopewa mkono wa bwana harusi, alidhani ameshikishwa samaki, akacheka mbele za watu mpaka mama yake akamfinya. Basi bangili ya Mzee Ngwali kila siku ilikuwa ya njano. Aliitwa ofisi ya kata akasomewa kosa la ubaridi wa uzalendo, akasimamishwa juani na wenzake wa aina yake ili wapate moto kwa faida ya nchi. Alirudi nyumbani ameungua shingo, na mikono baridi vilevile.

Tangu siku hiyo Bi Somoe akaanza jambo lake. Kila alasiri, mumewe akishaweka chini kamba, walikaa kizingitini, naye akaufumbata mkono ule wa kulia kwa viganja vyake viwili mpaka njano igeuke kijani. Majirani wakipita waliwatania.

"Bi Somoe, unachaji?"

"Namchaji mzee wangu. Mkitaka, tafuteni wenu."

Na ndivyo alivyofia. Alasiri moja Mzee Ngwali alisema, "Leo una moto, Somoe," akaegemeza kichwa begani kwake kama kawaida yake ya kusinzia kidogo. Bi Somoe akamwacha asinzie. Akawa ameushika mkono huku anawaza mboga ya jioni. Alipokuja kumwamsha, kitaa kilikuwa kijani kizuri ndani ya viganja vyake, na mwenye mkono alikuwa ameshakwenda.

*

Watu wa nchi ile wana desturi yao, ya kale kuliko bendera. Maiti haachwi mkono mtupu. Tangu roho inapotoka mpaka kaburini, lazima awepo mtu aliyemshika mkono, wanapokezana, ili marehemu asije akageuka nyuma kutafuta mwenzake. Kumwachia maiti mkono ni aibu ambayo familia huisikia mpaka kwa wajukuu.

Basi alipokuja Nunuu, dada wa marehemu, aliupokea mkono wa kaka yake kutoka kwa Bi Somoe, akalia hapo alipokaa. Kisha wakaja majirani, mmoja baada ya mwingine. Mzee Vuai, mwosha maiti wa mtaa, alimwosha marehemu kwa maji ya uvuguvugu kama inavyopasa, na muda wote wa kumwosha palikuwa na mtu ameshika mkono. Kaburi likachimbwa. Sanda ikaletwa. Kilichobaki kilikuwa kibali tu.

Afisa Uhai wa Kata, Bwana Chande, alikuja bila kuchelewa. Alikuwa mtu wa adabu, mzaliwa wa mtaa wa pili, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kukaa kitako, kuupokea mkono wa marehemu na kuushika kwa heshima, huku akitoa pole. Alitoa pole ndefu. Kisha akaitazama bangili.

"Bi Somoe," akasema, "mbona Mzee hajambo?"

"Amekufa, mwanangu."

"Naona kijani, bibi."

"Mtazame uso."

"Uso si kipimo. Mimi mwenyewe leo asubuhi mke wangu kaniuliza kama nimekufa." Akasogeza macho karibu na kitaa. "Tena kijani hiki hata mimi sina. Tangu nianze kazi sijamwona Mzee Ngwali ana afya namna hii."

"Chande, baba, hapumui!"

"Kupumua hakumo kwenye sheria," alisema Bwana Chande kwa huzuni ya kweli. "Nikikupa kibali nitakuwa nimemzika mtu hai. Mwacheni apumzike, nitapita kesho."

Akaitwa daktari. Daktari naye akaushika mkono, akatoa pole, akasikiliza kifua kwa muda mrefu. Halafu akamvuta Bi Somoe pembeni. "Mimi kama daktari nakwambia amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu," alinong'ona. "Mimi kama mtumishi wa umma nakushauri anywe maji kwa wingi."

Asubuhi yake, wanawake wakiwa wamezunguka kitanda kimya, Nunuu ameshika mkono, sauti nyororo ya msichana ilitoka chini ya shuka. "Umeamka salama, ndugu Ngwali! Leo ni siku njema ya kulijenga taifa." Nunuu alipiga ukelele, lakini hakuuachia mkono. Desturi ni desturi.

Siku zikaanza kwenda. Habari za msiba usio na maziko zilienea, na watu wakaja kutoka mbali kumshika mkono mtu aliyekataliwa kaburi, kwa sababu walimhurumia. Kila aliyekuja alikuja na kiganja cha moto kutoka juani. Udi na ubani vilichomwa tangu alfajiri, ila chumba kilishaanza kusema kile ambacho bangili ilikataa kusema, na wageni wakawa wanakaa karibu na dirisha. Kaburi lililochimbwa likabaki wazi. Mbuzi wa jirani alitumbukia humo akatolewa kwa kamba. Bwana Chande alipita kila siku, akaushika mkono, akatoa pole, akatikisa kichwa, akaondoka.

Bi Somoe hakuwa anakula. Alikuwa ameanza kuzoea kumkosa mumewe, kama mtu anavyozoea kidonda ambacho anajua kitakaa. Kilichomuuma ni kumwona Ngwali amelala pale mbele ya watu, mtu aliyekuwa na haya hata ya kupiga miayo hadharani, anaharibika huku anapongezwa. Alitaka kumsitiri tu. Hakutaka kitu kingine kutoka kwa Serikali wala kwa mtu yeyote.

Maana pongezi nazo zilikuwa zimeanza. "Hongera, ndugu Ngwali! Umekuwa wa kwanza katika kata." Kesho yake wilaya. Kisha mkoa mzima. Bangili ilikuwa haijapata kushikwa namna ile, na huko makao makuu mtambo wa kupokea taarifa ulipiga kengele, kwa kuwa alikuwa amepatikana raia anayetoa joto mchana na usiku bila kupungua.

*

Waziri wa Joto na Mapigo alikuja mwenyewe, na msafara, na tarumbeta, na leso ya marashi puani. Alimkuta Mzee Ngwali ameegemezwa mito, kwa amri ya itifaki. Akaushika ule mkono kwa ajili ya picha. Kwa kuwa wapiga picha walikuwa wengi na kila mmoja alitaka ya kwake, aliushika muda mrefu na kuutikisa kwa nguvu, na kijani kikawa kikali mpaka mpiga picha mmoja akafumba jicho.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Tazameni uso huu! Mtu huyu hali chakula cha taifa. Hanywi maji ya taifa. Haulizi bei ya unga. Haandamani, halalamiki, hasengenyi, wala hasafiri nje kwa matibabu. Na bado anatoa joto! Nawauliza ninyi mnaokula mara mbili kwa siku na vitaa vyenu vya njano, mna udhuru gani?"

Watu wakainamisha vichwa wakatazama bangili zao. Waziri akauachia mkono kidogo ili afungue karatasi ya pili ya hotuba. Nunuu, aliyekuwa zamu, alikuwa amelazimishwa kupiga makofi, kwa hiyo mkono wa Mzee Ngwali ukalala juu ya shuka peke yake, kwa mara ya kwanza tangu afe.

Bi Somoe alikuwa amesimama upande wa kichwani. Akaona kitaa kinafifia. Waziri akafungua karatasi, akaushika tena mkono, na kitaa kikapanda. Bi Somoe akashika nguzo ya kitanda. Siku zote zile walikuwa wanaomba kitaa kizimike, na siku zote zile walikuwa wanakilisha kwa mikono yao wenyewe, kwa zamu, kwa mapenzi, pamoja na afisa anayekuja kukipima.

"Kwa hiyo," Waziri alikuwa akimalizia, "kesho alasiri litakuja gari maalumu. Raia Bora Ngwali atahamia Makao Makuu, kwenye Ukumbi wa Uhai, ambako wataalamu watampaka dawa za kumhifadhi kama mtu yeyote mwenye afya njema, na kila mtoto wa shule atakwenda kumpa mkono. Hatazikwa kamwe! Serikali hii haiziki watu wake wakiwa hai!"

Makofi yakavuma. Bi Somoe akapenya katikati ya walinzi.

"Mheshimiwa, na mimi?"

Waziri alimtazama kwa upole sana. "Wewe mama utapewa picha."

*

Asubuhi ya siku ya gari Bi Somoe alimwendea Nunuu, aliyekuwa amekaa kitandani na mkono wa kaka yake mapajani.

"Wifi yangu, mwachie."

"Nimwachie nani ashike?"

"Asishike mtu. Sisi ndio tunaomzuia, Nunuu. Mikono yetu. Tukimwachia, kitaa kitazimika, nitapata kibali nimzike kabla gari halijaja."

Nunuu alimtazama kana kwamba amemkuta anaiba. "Kaka yangu aende peke yake? Mkono mtupu, kama mbwa wa jalalani?"

"Wakimchukua leo hatakwenda kabisa. Atakaa kwenye ukumbi wao anatikiswa mkono mpaka dunia iishe."

"Sema umemchoka, Somoe. Umechoka kukaa naye, basi."

Bi Somoe angejibu angelia, na akilia Nunuu angemwonea huruma, na wakioneana huruma hakuna ambaye angekuwa na moyo wa kuuachia ule mkono. Alisimama tu mlangoni ameushikilia ubao wa mlango. Mwisho Nunuu akaubusu mkono wa kaka yake, akauweka juu ya shuka, akatoka bila kuaga. Wengine wakamfuata. Huko uani Mzee Vuai alisikika akisema kwamba ameosha maiti tangu ujana wake na hajaona jambo kama hilo.

Bi Somoe akafunga mlango. Akakaa chini, mgongo ukutani, mbali na kitanda kiasi kwamba hata akinyoosha mkono asifike. Mikono yake akaikalia. Alijijua, mikono ile ilikuwa na mazoea, ingeondoka yenyewe bila ya kumuuliza.

Kijani kikafifia taratibu. Ikaja njano.

"Ndugu Ngwali," ilisema ile sauti ya msichana, "joto lako linapungua. Tafadhali msogelee umpendaye."

Bi Somoe aliuma ncha ya kanga yake. Jua lilikuwa likitembea sakafuni. Nje watu walikuwa kimya, hata watoto walikuwa wameambiwa wanyamaze.

"Ndugu Ngwali, je, kuna mtu karibu nawe? Mwombe akushike mkono."

"Nipo," alisema Bi Somoe. "Nipo hapa, Ngwali. Lakini leo siji."

Bangili ilirudia ombi lake. Waliotengeneza sauti ile walikuwa wameifundisha adabu, haikupandisha wala haikulaumu, iliomba tu, kama vile mume wake alivyokuwa akiomba maji ya kunywa. Bi Somoe alianza kutetemeka kwa kilio alichokuwa anakizuia, akatetemeka mwili mzima, na bangili yake yeye ikafurahi. "Hongera, Bi Somoe! Unatikisika vizuri!" Akaizika zaidi chini ya paja lake isisikike. Alimpenda mtu yule, na alikuwa anamkatalia kitu kidogo kuliko vyote alivyowahi kumpa. Hakuna neno la kulipamba jambo hilo. Lilikuwa linamuua.

Mara ya mwisho bangili ilisema "Ndugu Ngwali," ikakatika hapo. Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Kitaa kikazimika.

Hata hapo hakusogea, alikuwa anaogopa kukiwasha. Aliita kwa sauti, Bwana Chande akaingia, akatazama, na mara hii alikuwa na akili ya kuweka mikono yake mgongoni. "Sasa amefariki," alisema. "Pole sana, bibi. Ni msiba wa ghafla." Akatoa mfukoni ufunguo wa bangili za marehemu, akaivua, akagonga muhuri kwenye kibali. Ndipo Bi Somoe alipoinuka akaushika mkono wa mumewe, na hakuupokeza kwa mtu mwingine mpaka kaburini.

Gari maalumu lilipofika alasiri, lilikuta udongo mbichi na watu wanaosha majembe.

*

Waziri hakukasirika yeye. Alikasirika kwa niaba ya taifa, jambo ambalo ni kubwa zaidi. Raia Bora alikuwa ameuawa, na mjane wake akaitwa mbele ya Baraza la Joto kujibu. Sheria ilikuwa wazi: mtu anayesikia bangili ya mwenzake ikiomba joto, akaacha kumpa, ameua. Kumbukumbu za mtambo zilionyesha kwamba bangili iliomba mara nyingi. Hazikuonyesha nani alikuwa anasikia, kwa kuwa walioitengeneza hawakuwaza kwamba anaweza kuwapo mtu asikie na asisogee.

Bwana Chande alimwendea Bi Somoe usiku wa kuamkia shauri, kajifunika kanzu kichwani asijulikane. "Bibi, nisikilize mimi mwanao. Watakuuliza ulikuwa wapi. Sema ulikuwa uani unafua. Hukusikia kitu. Mimi nitasema nilikukuta uani. Kesi inaishia hapo, unarudi nyumbani."

Nunuu naye alikuja, uso umevimba. Alikuwa ameelewa, akaomba radhi, akalia. "Sema ulikuwa uani, wifi. Sote tutaapa. Mtaa mzima utaapa."

"Nimesikia," alisema Bi Somoe.

Baraza la Joto lilikaa katika ukumbi uliojaa. Mwendesha mashtaka alizungumza habari za moto wa asili na moto wa uzalendo mpaka watu wa nyuma wakalala, vitaa vyao vikageuka njano, wakatozwa faini. Kisha Mwenyekiti akavaa miwani. Hakuwa mtu mbaya, na chakula chake cha mchana kilikuwa kinapoa.

"Mama, marehemu alipofariki ulikuwa wapi?"

Bwana Chande alimtazama. Nunuu alimtazama. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na lilikuwa limeshaletwa mpaka mdomoni mwake na watu wanaompenda. Uani. Alipolifikiria, alimwona Ngwali katika chumba kile peke yake, anaomba na hakuna anayemsikia. Na hivyo ndivyo ingekaa milele katika midomo ya watu na katika mafaili ya nchi, kwamba Ngwali wa Chumvini alikwenda hana mtu. Kumshika alikuwa amemnyima. Hili hakuweza kumnyima tena.

"Nilikuwepo," alisema.

"Ulikuwepo uani?" aliuliza Mwenyekiti, akijitahidi kumsaidia.

"Chumbani. Nilikaa naye. Alikuwa akiniita na mimi namsikia."

"Na hukumshika?"

"Sikumshika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho."

Nunuu alijifunika uso kwa kanga. Mwenyekiti akavua miwani, akaitazama, akaivaa tena. Akaeleza kwamba kwa maneno hayo Baraza halina njia nyingine, na kwamba adhabu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha, na kwamba kwa mujibu wa utaratibu mshtakiwa ana haki ya kujitetea kabla haijasomwa, kama analo la kujitetea.

"Sina, baba," alisema Bi Somoe. "La kujitetea analo aliyekuwa uani."